Kabla ya Fahali Wawili, Tujenge Zizi

Hotuba kwa waandishi wa riwaya na skripti za filamu, Mtwara

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Shikamooni wakubwa, na nyie wengine habari za asubuhi.

Mada mliyonipa imeandikwa kwa kirefu: ugomvi wa ndugu na urithi wa uongozi katika familia ya wahalifu ya kubuni. Kwa lugha ya barazani ni hivi: mzee wa magendo amekufa, nani anashika kazi yake, na kwa nini nduguze hawamkubali.

Skripti nyingi za namna hii huanza na fahali wawili. Kaka ana hasira, mdogo ana akili, baba anakohoa kitandani, na kufika ukurasa wa 20 mtu ameshachomwa kisu. Msomaji hajui wanagombea nini. Anaambiwa "himaya", anaambiwa "kiti". Kiti cha nini? Kinaingiza shilingi ngapi kwa msimu? Nani akinuna kinaanguka? Mwandishi mwenyewe hajui, na kwa kuwa hajui, analeta bastola. Mimi naomba tuanze na zizi. Fahali watakuja wenyewe.

Familia yetu ya kubuni naiweka Tandahimba, kwa sababu korosho ziko huko. Majina siwapi, nitawaita kwa nafasi zao: Mzee, Mama, Kifunguamimba, wa Kati, Dada na Kitindamimba. Kwa nje Mzee ana duka la mabati, saruji na misumari. Kwa ndani anafanya kangomba.

Hapa ukumbini kangomba haihitaji maelezo, lakini maandishi haya yatasomwa na watu wa Mwanza na Mombasa. Tangu msimu wa 2007/08 korosho ghafi zinauzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi cha ushirika, AMCOS, unapimwa, unakwenda ghala kuu, unauzwa mnadani, hela inaingia benki. Mfumo huo unamlipa mkulima korosho zikishaokotwa. Shida zake hazisubiri. Kifuku mvua ziko juu, chakula kimekwisha, mtoto anadaiwa ada, na mlangoni anasimama mtu mwenye fedha taslimu. Anamlipa sasa hivi, kwa bei ya kutupa, kwa korosho ambazo bado hazijatoa hata ua. Msimu ukifika anakuja kuchukua, mara nyingi kwa kopo badala ya mzani. Hiyo ndiyo kangomba. Imepigwa marufuku, na mwenye shamba la ekari mbili haioni kuwa ni filamu hata kidogo.

Sasa angalieni kitu ambacho waandishi wengi hukiruka. Chama cha msingi kinapokea korosho za mkulima anayejulikana. Mwenye kangomba hana shamba la mzigo huo wote, kwa hiyo korosho zake zinaingia ghalani kwa majina ya watu wengine, na hela inatokea kwenye akaunti za watu wengine. Novemba 2018 Serikali ilipoamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likazisomba, malipo yalitanguliwa na uhakiki wa mashamba. Mwenye mikorosho 30 aliyepeleka mzigo wa mikorosho 300 alitakiwa ajieleze. Mpelekeni Mzee wetu kwenye wiki hiyo mumwone anavyotokwa jasho.

Kwa hiyo zizi la familia hii si duka, wala si gari, wala si nyumba ya ghorofa moja iliyosimama kwenye lenta. Zizi ni orodha ya majina, madeni yasiyo na karatasi, na imani ya watu kwamba Mzee akisema ndiyo ni ndiyo.

Tupige hesabu. Ni za kubuni, ila zinakaa sawa. Mzee amekopa milioni 12 kwa tajiri wa Dar es Salaam, atarudisha milioni 20 msimu ukiisha. Fedha hizo amezigawa kwa wakulima 40, kila mmoja shilingi 300,000, kwa bei ya shilingi 1,000 kwa kilo. Maana yake anadai kilo 12,000. Gunia likiwa la kilo 80, hayo ni magunia 150. Mnada ukitoa shilingi 3,000 kwa kilo zinaingia milioni 36. Mpe tajiri 20 zake, inabaki 16. Usafiri na chai za watu tuziache pembeni.

Haya, muueni Mzee. Lakini mumuue lini?

Akifa Novemba, magunia yako ghalani na hela iko njiani, ila inaelekea kwenye akaunti zenye majina ya wengine. Hadithi yenu hapo ni ya mbio: nani atawafikia wenye akaunti kwanza. Akifa Machi, ghala tupu, mikorosho haina ua, fedha yote iko nje vijijini, na anayejua iko kwa nani amelala kaburini. Binafsi ningechagua Machi. Kifunguamimba anapanda pikipiki, anafika kwa mkulima wa kwanza, na mazungumzo yanakwenda hivi:

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Poleni na msiba."

"Tumeshapoa, baba. Nimekuja kwa lile la Mzee."

"Lile lipi?"

Kijana anatazama chini. Mwenyeji anaendelea kupukuchua mahindi, punje zinagonga beseni.

"Lile la Mzee nilimalizana na Mzee. Karibu maji ya kunywa."

Basi. Hakuna aliyepandisha sauti, na kijana hana pa kwenda. Hana karatasi. Akienda kwa mtendaji wa kijiji kumshtaki, anajishtaki yeye. Akimtisha, kijiji kizima kitasikia kabla ya magharibi, na wengine 39 watakuwa wameshamalizana na Mzee pia.

Tuseme theluthi moja wamekana. Magunia 50 yamepotea, yamebaki 100, yaani kilo 8,000, yaani milioni 24. Tajiri hajali nani amekufa, anataka 20 zake. Inabaki milioni 4. Ndugu wanne waliokuwa wakiota milioni 16 sasa wanatazamana juu ya milioni 4, na kila mmoja anaamini kimoyomoyo kwamba kuna mwenzake aliyekusanya akaficha. Nyumba imeshashika moto, na kisu hamjakitoa.

Tuwaangalie watoto wenyewe. Kosa la kawaida ni kumpa mtoto mmoja akili zote na wengine kuwafanya mabwege. Ukifanya hivyo hakuna mashindano, kuna kusubiri tu. Mzee mwenye kazi ya siri hawafundishi watoto sawasawa, na si kwa upendeleo: anagawa siri ili asipatikane mmoja wa kumuuza. Kifunguamimba, miaka 41, anawajua wakulima na madereva kwa sura. Wa Kati, 36, ndiye pekee aliyewahi kukaa sebuleni kwa tajiri wa Dar. Dada, 33, ndiye anayeandika daftari, kwa alama anazozijua yeye na baba yake. Kitindamimba, 24, kasoma, anasimamia duka, miamala ya simu na ritani za kodi. Mzee akiwa hai utaratibu huu unafanya kazi vizuri sana, maana yeye ndiye bawaba. Akiondoka mnabaki na kufuli moja na funguo nne, na hakuna ufunguo unaofungua peke yake.

Wivu nao uwe na anwani. Msiandike "alimwonea wivu mdogo wake tangu utotoni". Andikeni kwamba Kifunguamimba alitolewa shule darasa la sita akakae juu ya magunia kwenye lori, na fedha ya lori lile lile ndiyo iliyomlipia Kitindamimba bweni. Andikeni nani alikuwa akila sinia moja na baba na nani alikuwa akila jikoni. Mtu husahau kofi, ila hasahau minofu ya samaki ilipokuwa ikienda.

Sasa sheria, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo hadithi ya kusini inapoachana na zile za kuigwa kutoka kwenye runinga.

Mzee ni Mwislamu. Ameacha mke mmoja, wanaume watatu, binti mmoja. Wazazi wake walishatangulia. Mama anapata 1/8. Zinabaki 7/8, mwanaume sehemu mbili, mwanamke moja, jumla sehemu 7. Kila sehemu kwa hiyo ni 1/8 ya mali yote: Mama 1/8, Dada 1/8, kila kijana 2/8. Duka likiwa la milioni 80, Mama 10, Dada 10, na vijana 20 kila mmoja. Idadi ya watoto niliichagua makusudi ili hesabu isiwatoe jasho. Mkimfufua bibi, mama yake Mzee, anachukua 1/6 na hesabu inakuwa ya ishirini na nne. Akitokea mke wa pili kutoka Lindi, hapunguzi fungu la watoto. Anagawana na Mama ile 1/8, na hapo mmeshapata sura nzima ya kitabu. Wasia hauvuki theluthi, na mrithi hausiiwi, kwa hiyo Mzee hawezi kumwandikia kipenzi chake duka kwa karatasi.

Lakini kabla ya mafungu kuna foleni: kwanza mazishi, halafu madeni, halafu wasia, ndipo warithi. Deni liko mbele ya mtoto. Tajiri wa Dar anaijua foleni hiyo kuliko shehe.

Mnaifahamu ile desturi ya mazishini, msemaji wa familia anasimama na kusema: marehemu alikuwa mtu wa watu, kama kuna anayemdai aje kwa familia, na kama kuna anayedaiwa naye aje aseme. Mara nyingi hakuna anayejibu, watu wanakung'uta mchanga mikononi na kutawanyika. Kwa familia yetu maneno hayo ni bomu. Msemaji ni shemeji asiyejua lolote, anayasema kwa nia njema. Kifunguamimba anawatazama wakulima wake. Kila mmoja anasoma kandambili zake. Nyuma ya mwembe mtu mgeni mwenye kanzu safi anamtazama wa Kati, anaangalia saa. Hajasema kitu. Ndugu wengine watatu wameona alivyotazamwa. Mkiiandika vizuri sekunde hiyo, mmeokoa kurasa 15.

Upande wa Serikali uko hivi. Ukoo unakaa kikao, unaandika muhtasari wa kumpendekeza msimamizi wa mirathi. Anakwenda Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo, anajaza fomu namba 1, tangazo linabandikwa, mwenye pingamizi anajitokeza. Akishateuliwa, ndani ya miezi 4 anatakiwa alete mahakamani fomu namba 5: mali zote na madeni yote ya marehemu. Zote, na yote. Akiorodhesha kangomba, amekiri. Akiacha, ndugu zake watatu na mama yao wameshika kamba ya shingo yake. Sijui kwa nini waandishi wanaiacha fomu hii na kukimbilia bunduki. Katika familia halali usimamizi wa mirathi unagombewa. Katika hii yetu, kila mmoja anataka kiti na hakuna anayetaka usimamizi, na anayeusukuma kwa mwenzake kwa maneno matamu ("wewe ndiye mkubwa, kaka, sisi tupo nyuma yako") ndiye wa kumchunga.

Wakati huohuo Mama yuko eda, miezi 4 na siku 10. Hatoki. Wengi mnamweka chumbani analia, mnamsahau. Fikirini tena: mtu asiyetoka ndiye ambaye kila mmoja lazima amfuate. Wanaingia mmojammoja kumjulia hali, na kila anayeingia anaacha neno. Siku ya 40 Mama anajua zaidi ya Mzee alivyojua. Na hili si la kubuni tu. Japani, mkuu wa genge la wahalifu la Yamaguchi-gumi, Taoka Kazuo, alipofariki mwaka 1981, aliyetarajiwa kumrithi alikuwa gerezani, naye akafa mwaka 1982. Mjane, Taoka Fumiko, ndiye aliyeziba pengo. Mwaka 1984 alipotawazwa Takenaka Masahisa, sehemu ya genge ilijitoa na kuunda chama chake, na Januari 1985 Takenaka akapigwa risasi akafa. Kipindi cha mjane kilikuwa cha kusubiri. Damu ilikuja baada ya jina kutajwa.

Nirudi kusini. Wamakonde, Wamakua, Wamwera, Wayao: kwa asili tunahesabu ukoo upande wa mama. Leo mambo yamechanganyika na dini na mahakama, lakini sauti ya zamani haijanyamaza, na kwa sauti hiyo mwenye haki ya kushika nafasi ya Mzee si mwanawe. Ni mpwa wake, mtoto wa dada yake. Hadithi ya urithi iliyowekwa Newala au Masasi isiyo na mpwa, mimi naiona imeazimwa. Mleteni: miaka 38, alilelewa na mjomba wake, alibeba magunia bila mshahara kwa sababu "hii ni yako, mjomba". Mafungu ya sharia hayamtaji. Fomu namba 5 haimtaji. Ila wakulima wanamjua yeye kuliko wanavyomjua Kitindamimba.

Tena ana silaha ambayo ndugu hawana. Yeye na watoto wa Mzee ni mabinamu, na mabinamu ni watani. Anaweza kusimama katikati ya matanga akasema, "Nyie watoto wa mjomba mkishindwa kula niiteni, mimi tumbo langu limezoea korosho za watu," na watu wakacheka, na hakuna mwenye ruhusa ya kukasirika. Kila neno ni kweli. Kitisho kinachosemwa kwa utani hakijibiki, maana anayekijibu ndiye amekitambua.

Wanaotaka magendo ya mpakani badala ya korosho, nina mawili tu. Zizi la hadithi linabadilika na mwaka. Kabla ya daraja la Rufiji kufunguliwa mwaka 2003, mzigo wa Dar ulikuwa ukisubiri kivuko cha Ndundu, kwa hiyo aliyekuwa na mtu wake kivukoni alikuwa na kiti. Daraja la Umoja la kwenda Msumbiji, pale Mtambaswala juu ya mto Ruvuma, mita 720, lilifunguliwa mwaka 2010 likahamisha njia. Na baada ya Oktoba 2017, vita vilipoanza Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma si pale pa zamani. Msimwandike mvushaji wa mwaka 2021 anayepita usiku akipiga mluzi.

Wa Kati, mwenye njia ya kwa tajiri, mna la kujifunza kwa ajili yake New York. Carmine Persico, mkuu wa familia ya mafia ya Colombo, alifungwa miaka ya 1980 kifungo cha kufia ndani, akaacha kaimu, Victor Orena, huku akimtaka mwanawe aje kushika. Kaimu akazoea kukaa. Mwaka 1991 aliomba mshauri wa familia awaulize manahodha, yaani wakuu wa vikosi vya familia, wanamtaka nani. Mshauri alipeleka habari kwa Persico. Vita vikaanza mwaka huohuo. Angalieni kilichochoma moto: ni kura ya chinichini, kitu cha kistaarabu kabisa. Kwenye hadithi yetu ni pale wa Kati anapompigia tajiri simu na kuuliza, kwa adabu, "Je, ikiwa ni mimi?"

Na Dada msimwache na daftari kama karani. Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar, alipofia baharini mwaka 1856, mwanawe Barghash alikuwa naye chomboni. Alishuka Unguja usiku akijaribu kumzika baba kimyakimya na kukamata mji kabla ya kaka yake Majid kujua. Alishindwa. Mwaka 1859 akajaribu tena, na barua za njama ziliandikwa na dada yao, Salme, aliyekuwa amejifundisha kuandika kwa siri. Barghash alishindwa tena, akapelekwa Bombay, na kiti akakipata mwaka 1870 Majid alipokufa. Anayeandika anajua yote na hahesabiwi. Dada yetu anapata 1/8 ya duka, lakini bila alama zake daftari ni karatasi ya kufungia sukari. Siku atakapogundua hivyo iwe siku ya kawaida, akiwa anakuna nazi.

Kuhusu kuua: si kwamba hamruhusiwi. Ila msimu ukiwa wazi hakuna mwenye akili anayeua, kwa sababu polisi wakijaa kijijini magunia hayatembei. Damu ikimwagika Oktoba, aliyeimwaga amepoteza milioni zile zile anazozigombea, na hadithi lazima imtoze. Kama lazima afe mtu, afe Februari, na awe ni yule ambaye ufunguo wake umeshanakiliwa.

Karatasi ziko mbele yenu. Upande wa kwanza andikeni tarehe ya kifo, fedha ilipo siku hiyo, na kila mtoto anajua nini ambacho wenzake hawajui. Upande wa pili andikeni mazungumzo ya Kifunguamimba na Dada usiku wa arobaini, daftari liko mkekani kati yao, Mama anasikia kutoka chumbani. Asitaje mtu neno kiti, wala urithi, wala haki. Mna dakika 30, chai inakuja saa nne.